Ufa usiozibika: jinsi Bonde la Ufa lilivyofumbua siri ya mitetemeko

Tarehe 13 Disemba mwaka 1910 ardhi ilitetemeka kusini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, wakati huo ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Kitovu cha tetemeko hilo kilikuwa katika nyanda za Rukwa, karibu na Ziwa Tanganyika. Saismografu, yaani mitambo ya kunasa mitetemo ya ardhi, zililiandika hadi Ulaya, na wanasayansi waliozichambua rekodi hizo baadaye walikadiria kuwa lilikuwa na ukubwa wa takriban 7.4. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa kabisa yaliyopimwa kwa mitambo barani Afrika katika karne ya 20.

Hata hivyo tetemeko hilo halitajwi sana. Nyumba nyingi za wakati huo zilikuwa za miti, udongo na nyasi, wakazi walikuwa wachache, na miji ilikuwa mbali. Dunia ilijitikisa kwa nguvu kubwa, kisha maisha yakaendelea.

Mwaka huo huo wa 1910, huko Marekani, mwanasayansi Harry Fielding Reid alichapisha nadharia iliyoeleza kwa ufasaha kwa nini ardhi hutetemeka. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini makala haya yanayaweka pamoja kwa sababu moja. Habari za nyufa za dunia ni habari za jambo linalokwenda polepole mno kwa kipimo cha maisha ya mwanadamu, kisha ghafla mno. Na katika kulielewa jambo hilo, mabonde ya Afrika Mashariki yalikuwa uwanja wa ubishi uliodumu zaidi ya nusu karne.

Upinde uliovutwa

Tuanzie Marekani. Tarehe 18 Aprili 1906 mji wa San Francisco, katika pwani ya magharibi ya nchi hiyo, ulipigwa na tetemeko lililofuatwa na moto mkubwa. Watu wapatao 3,000 walipoteza maisha. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa takriban kilomita 470 kufuata ufa uitwao San Andreas. Wapimaji waliokwenda mashambani walikuta nyua zilizokuwa zimenyooka zimekatika, nusu moja imesogea kando ya nyingine. Mahali pengine umbali huo ulikaribia mita 6.

Hadi wakati huo wanasayansi wengi walidhani kwamba tetemeko ndilo linaloipasua ardhi. Reid alisema kinyume chake: kusogea kwa ufa ndiko kunakoleta tetemeko. Alilinganisha vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kabla ya mwaka 1906 na vile vilivyochukuliwa baadaye. Akaona kwamba pande mbili za ufa zilikuwa zikisogea kwa miaka mingi, moja huku na nyingine kule, lakini pale zilipogusana zilikuwa zimeng'ang'aniana kwa msuguano. Kwa kuwa haziachani, miamba ya kandokando ikawa inapinda.

Mfano mwepesi ni upinde wa mwindaji. Kadiri unavyovutwa ndivyo unavyozidi kuweka nguvu, na nguvu hiyo haionekani mpaka kidole kiachie. Siku msuguano uliposhindwa, miamba ilifyatuka na kurudi katika unyoofu wake, na mtikisiko wa kufyatuka huko ndio uliouangusha mji. Kisha upinde ukaanza kuvutwa upya.

Reid aliweza kueleza namna ufa unavyosogea. Swali alilolibakiza ni hili: nguvu gani inauvuta upinde huo?

Misafara kutoka pwani

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa Afrika Mashariki. Mwaka 1887 msafara wa Sámuel Teleki, kabaila wa Hungary, na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria-Hungary, ulianza safari yake Pangani. Kiongozi wao wa njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani aliyezijua njia za bara, na mizigo ilibebwa na mamia ya wapagazi. Mwaka 1888 walifika katika ziwa ambalo leo tunaliita Turkana.

Taarifa na ramani za safari hiyo zilimfikia Eduard Suess, mwanajiolojia wa Vienna. Bila yeye mwenyewe kukanyaga huko, Suess aliandika mwaka 1891 kwamba mabonde hayo si matukio yaliyotawanyika ovyo. Yamejipanga katika mstari mmoja mrefu, kuanzia bonde la Mto Jordan, kupitia Bahari ya Shamu, hadi ndani ya Afrika Mashariki. Kwa maoni yake, ganda la dunia lilikuwa limevutwa mpaka likapasuka.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1893, Mwingereza John Walter Gregory alitoka Mombasa na wapagazi wake hadi Baringo na Mlima Kenya kulitazama bonde lenyewe. Alichunguza matabaka ya miamba katika kuta na katika sakafu, akatambua kuwa bonde hilo halikuchimbwa na mto. Ni sakafu yake iliyozama baina ya nyufa zilizokwenda sambamba. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina ambalo Kiswahili kimelifanya kuwa Bonde la Ufa.

Kuvutwa au kubanwa?

Mtu angedhani kuwa ubishi uliishia hapo, lakini haukuisha. Edward Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda kuanzia mwaka 1919, aliyatazama Ziwa Albert na milima ya Rwenzori, yenye kilele cha mita 5,109, akapinga. Ikiwa ardhi inavutwa na kuzama, alihoji, mlima mrefu hivyo ambao si volkano umeinuliwa na nini kando ya bonde? Yeye aliamini kuwa ardhi imebanwa kutoka pande mbili, na kwamba kuta za bonde zimepanda juu ya sakafu na kuikandamiza.

Tarehe 6 Januari 1928 ardhi yenyewe ilitoa ushahidi. Tetemeko la ukubwa wa takriban 6.9 liliipiga Subukia, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Mpasuko ulionekana wazi juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 30, na mahali pengine upande mmoja ulishuka kwa zaidi ya mita 2. Mwanajiolojia wa Marekani Bailey Willis alizuru Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Pamoja na hayo yote, kitabu alichokitoa mwaka 1936 kiliunga mkono hoja ya kubanwa.

Mwaka huo huo Mwingereza kijana, Edward Bullard, alichapisha vipimo vya nguvu za uvutano alivyovichukua Afrika Mashariki. Aligundua kwamba nguvu hizo ni pungufu juu ya mabonde, jambo lililoonyesha kuwa chini yake mna miamba myepesi. Kitu chepesi, alisema, hupaswa kuelea. Ubao ukiubana chini ya maji utabaki chini muda wote mkono wako unapoushika. Basi na sakafu ya bonde lazima inashikiliwa na kuta zinazoibana. Hoja ilikuwa nzuri, vipimo vilikuwa sahihi, lakini hitimisho halikudumu.

Jibu kutoka baharini

Jibu lilitoka mahali ambapo wachache walikuwa wakipatazama. Mjerumani Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara husafiri, na kwamba zamani yalikuwa bara moja. Afrika Mashariki aliitaja kuwa mfano wa bara linaloanza kuachana. Wengi walimkataa kwa sababu hakuweza kuonyesha nguvu inayoyasukuma mabara. Alifariki Greenland mwaka 1930, nadharia yake ikiwa bado inakataliwa na wengi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Mmarekani Marie Tharp alikuwa akichora ramani ya sakafu ya bahari ya Atlantiki kutokana na vipimo vya kina vilivyoletwa na meli. Aliona bonde katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari. Yeye na mwenzake Bruce Heezen walipoweka vitovu vya matetemeko juu ya ramani, vilijipanga ndani ya bonde hilo. Waliufuata mstari huo kutoka bahari moja hadi nyingine, wakaona kuwa unaingia Ghuba ya Aden na kuungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Ufa aliouona Gregory akiwa na wapagazi wake ulikuwa tawi la nchi kavu la mfumo unaoizunguka dunia nzima.

Mwaka 1962 Harry Hess alipendekeza kwamba sakafu ya bahari huzaliwa katika mabonde hayo: miamba iliyoyeyuka hupanda, hupoa na kusukumwa kando. Mwaka huo huo meli ya Uingereza iitwayo Owen ilipima usumaku wa sakafu ya Bahari ya Hindi, juu ya safu ya milima ya Carlsberg. Kutokana na vipimo hivyo, Frederick Vine na Drummond Matthews walieleza mwaka 1963 kwamba miamba ya baharini ina mistari ya usumaku, mmoja ukielekea kaskazini na unaofuata ukielekea kusini. Hiyo ni kumbukumbu ya nyakati ambazo usumaku wa dunia uligeuka, iliyoandikwa katika miamba ilipokuwa ikipoa na kuachana.

Naye Bullard, yule yule aliyeamini kuwa bonde limebanwa, mwaka 1965 alitumia kompyuta pamoja na wenzake kuonyesha jinsi kingo za mabara mawili ya Atlantiki zinavyooana. Mwaka 1972 watafiti Maasha na Peter Molnar walichapisha uchambuzi wa matetemeko ya Afrika. Mitetemo iliyonaswa ilionyesha kwamba Afrika Mashariki nyufa zinasogea kwa kuvutwa. Suess alikuwa ameona sawa. Na milima ya Rwenzori? Bega la bonde huweza kuinuka wakati sakafu yake inazama, kwa hiyo kuvutwa na kuinuka havipingani.

Mipaka ya namna tatu

Leo tunafahamu kuwa ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosafiri juu ya miamba ya moto iliyo laini zaidi. Katika mipaka ya mabamba hayo ndiko nyingi ya nyufa kubwa zinakozaliwa, na mipaka hiyo ni ya namna tatu. Wasikilizaji wetu wa kuanzia Goma hadi Maskati wanaishi jirani na zote tatu.

Ya kwanza ni mipaka ya kuachana. Bonde la Ufa ni mpaka wa aina hii ambao bado uko katika ujana wake: upande wa magharibi ni Bamba la Nubia, upande wa mashariki ni Bamba la Somalia, na katikati yake yapo mabamba madogo, mojawapo likibeba Ziwa Victoria. Kaskazini zaidi, Bamba la Arabuni limekwisha kuachana na Afrika kiasi cha kuruhusu Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden kufunguka.

Ya pili ni mipaka ya kupishana, ambapo mabamba hupita kando kwa kando, kama ilivyo San Andreas. Mkanada Tuzo Wilson aliieleza kazi ya nyufa za namna hii mwaka 1965. Katika Bahari ya Uarabuni, mbele ya pwani ya Oman, uko ufa wa Owen, unaolitenga Bamba la Arabuni na lile la India. Mwendo wake ni takriban milimita 3 tu kwa mwaka.

Ya tatu ni mipaka ya kugongana, ambapo bamba moja huzama chini ya jingine. Huko ndiko yanakotokea matetemeko makubwa kuliko yote. Mwishoni mwa Novemba 1945 ufa wa Makran, katika pwani ya Iran na Pakistan ya leo, ulifyatuka kwa ukubwa wa takriban 8.1, na mawimbi yake yakafika Oman. Tarehe 26 Disemba 2004 ufa ulio nje ya Sumatra, Indonesia, ulifyatuka kwa urefu wa takriban kilomita 1,300. Saa chache baadaye bahari iliua watu karibu 300 nchini Somalia, na wengine Tanzania na Kenya.

Ufa unavyozaliwa

Turudi katika bonde letu. Sehemu ya juu ya ganda la dunia ni baridi na ngumu, na ikivutwa hukatika. Sehemu ya chini ni ya moto, nayo ikivutwa hunyumbuka. Mpasuko unaozaliwa juu kwa kawaida haushuki wima, bali hulala kama mteremko mkali, na ardhi iliyo juu ya mteremko huo huteleza kwenda chini.

Mwanzoni nyufa huwa fupi na nyingi. Kila tetemeko huurefusha ufa kidogo, mpaka unakutana na jirani yake na kuwa mmoja. Jambo hili lina uzito wake, kwani ufa mrefu una uwezo wa kuleta tetemeko kubwa kuliko ufa mfupi.

Katika miaka ya 1980 Bruce Rosendahl na wenzake walipeleka mitambo katika Ziwa Tanganyika na kutuma mawimbi ya sauti chini ya sakafu yake. Waliona kwamba ziwa hilo, lenye kina cha takriban mita 1,470, halikuzama kama mfereji wenye kuta mbili zinazolingana. Katika kila sehemu ufa mkubwa uko upande mmoja, na sakafu imeinama kuuelekea, mfano wa mlango wa sakafuni uliofunguliwa ukabaki umeshikwa na bawaba upande wa pili. Ukisafiri kando ya ziwa, ufa mkubwa hubadilisha upande, mara Kongo, mara Tanzania.

Lakini si kila kusogea huja kwa tetemeko kubwa. Septemba 2005, katika eneo la Afar nchini Ethiopia, miamba iliyoyeyuka ilipenya katika ufa wa urefu wa takriban kilomita 60. Setilaiti zilionyesha kuwa katika muda wa wiki chache ardhi iliachana hadi mita 8 mahali pengine. Kati ya Julai na Septemba 2007 matetemeko yaliitikisa Gelai, karibu na Ziwa Natron nchini Tanzania, na yalisikika hadi Nairobi. Vipimo vilionyesha kwamba ufa mmoja ulikuwa umeteleza taratibu, bila ya kishindo, kabla ya miamba ya moto kupenya, na mwanzoni mwa Septemba Ol Doinyo Lengai ikalipuka.

Hapa yafaa kutahadhari. Machi 2018 shimo refu lilipofunguka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kuikata barabara ya Narok, vyombo vingi vya habari vilitangaza kuwa Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa lililoonekana lilikuwa hasa kazi ya mvua kubwa iliyousomba udongo laini wa majivu ya volkano. Ni kweli kwamba Afrika inaachana, lakini kasi yake ni milimita 6 hadi 7 kwa mwaka nchini Ethiopia, na hupungua kadiri unavyokwenda kusini.

Kumbukumbu fupi, ufa mrefu

Mpenzi msikilizaji, hesabu ndogo itaonyesha kwa nini kasi hiyo isitufanye tulale. San Andreas husogea takriban milimita 35 kwa mwaka. Kukusanya mita moja ya mwendo huuchukua miaka 30 hivi, umri wa kizazi kimoja. Mahali ambapo bonde letu linaachana kwa milimita 3 kwa mwaka, mita hiyo moja huchukua zaidi ya miaka 300. Ufa unaofyatuka kwa mita 2 waweza basi kuwa ulinyamaza tangu kabla ya Wareno kuijenga Ngome ya Yesu, Mombasa. Hakuna babu atakayemsimulia mjukuu wake. Watu hukaa juu ya upinde uliovutwa na kuuona kuwa ni kilima cha kawaida.

Matukio ya miaka ya karibuni yametukumbusha. Machi 1966 tetemeko la Toro, magharibi mwa Uganda, liliua zaidi ya watu 100. Disemba 2005 Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa ukubwa wa 6.8 na nyumba zikaanguka Kalemie. Februari 2008 zamu ilikuwa ya Bukavu na magharibi mwa Rwanda, ambako makumi ya watu walikufa. Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 tu liliua watu wasiopungua 17 katika mkoa wa Kagera, Tanzania, na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba na vijijini. Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, miamba iliyoyeyuka ilijipenyeza chini ya mji wa Goma na Ziwa Kivu, ardhi ikatetemeka kwa siku kadhaa, na maelfu kwa maelfu ya wakazi wakahama.

Tazama tofauti. Lile la Rukwa la mwaka 1910 lilitoa nguvu zaidi ya mara 100 kuliko lile la Kagera. Lakini lilizikuta nyumba za miti na nyasi, ambazo zikianguka haziui kwa urahisi. La Kagera lilikuta kuta za matofali yaliyorundikwa bila nondo. Na tangu mwaka 1910 mabondeni na kandokando yake imekua miji kama Bujumbura, Goma, Bukavu, Nakuru, Mbeya na Sumbawanga. Nyufa za Rukwa zilizotikisika siku ile bado ziko pale pale.

Hakuna sayansi inayoweza kutaja siku wala saa ya tetemeko lijalo, na anayedai kuwa anaweza asisadikiwe. Kinachojulikana ni mahali zilipo nyufa nyingi, upande zinakosogea, na namna ya kujenga nyumba isiyomwangukia mwenyewe: nondo katika pembe, mkanda wa zege unaozunguka kuta zote, na paa lililofungwa imara. Gharama yake huongezeka kidogo siku ya kujenga. Kwa Waswahili walio ughaibuni wanaotuma fedha nyumbani kila mwezi ili ukuta upande kozi baada ya kozi, hilo ni swali la kumuuliza fundi kabla ya kozi inayofuata.

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu wa mabamba ya dunia hauzibiki. Ulikuwapo zaidi ya miaka milioni 20 kabla ya mtu yeyote kuupa jina, na utaendelea kupanuka. Kilichobaki mikononi mwetu ni ukuta, na ukuta twaweza kuujenga vema tangu mwanzo.